Makofi ya Jibu Lililofutwa

Kabla hakujapambazuka nilisikia vizibo. Tak, tak, tak, kimya kidogo, halafu tak tena. Sikuwasha taa. Nilijua ni mjukuu wangu amekaa kwenye saruji ya jikoni na kopo lake la vizibo vya soda, anagawa. Huvipanga mafungu mafungu, kimoja hapa, kimoja pale, mpaka viishe, kisha huhesabu fungu moja, kisha huvirudisha kwenye kopo polepole ili asiniamshe. Hiyo polepole yake ndiyo inayoniamsha, na sijamwambia, maana nikimwambia ataacha.

Tunamwita Kifungo kwa sababu alimeza kifungo cha gauni langu alipokuwa anatambaa. Kifungo kilitoka chenyewe, jina likabaki. Mama yake, binti yangu, anafanya kazi mbali na huja wakati wa likizo. Basi tunaishi sisi wawili, mimi, yeye na kopo.

"Bibi, umeamka?" aliuliza gizani.

"Nimelala."

Alicheka kidogo. Halafu akasema, "Mtu akijua kitu, anaweza kujifanya hajui, halafu akajua tena?"

"Nani anataka ujifanye?"

"Shuleni. Si ndiyo leo."

Nikakumbuka. Siku hiyo kulikuwa na wageni shuleni, na mjukuu wangu ndiye alikuwa mfano.

Ngoja nieleze mfano wa nini. Mwaka jana Kifungo alikuwa akiona alama ya kugawanya, anafunga daftari. Mwalimu wa Hesabu, mwanamume mrefu, mkavu, asiyecheka, mwenye kalamu nyekundu sikioni kama fundi seremala, alimkalisha kibarazani wakati wenzake wanacheza, akammwagia vizibo. Hakumwambia ana akili. Hakumwambia ataweza. Alimwambia, "Gawa." Akikosea anamwambia, "Umekosea hapa," na kidole anakiweka hapo hapo penye kosa. Akipata anamwekea vema nyekundu, basi, wanaendelea. Vizibo hivyo aliviokota mwenyewe nyuma ya duka la vinywaji. Nilimwona siku moja ameinama kule, mtu mzima na tai yake, anachagua visivyopinda. Nilipita njia nyingine ili asione haya.

Mtoto akajua kugawanya. Mambo yangeishia hapo.

Lakini shule yetu ikaletewa mpango unaoitwa Akili Inayokua, na mpango ukaja na kijana anayeitwa mwezeshaji. Viatu vyake vilikuwa safi hata siku za tope, na sauti yake ilikuwa ya kutangaza habari. Wazazi tuliitwa kikao. Alituambia kwamba akili ya mtoto hukua kama msuli, na kwamba mtoto asiogope kukosea. Nilitikisa kichwa kukubali. Nimelea watoto na wajukuu, sijawahi kumwona aliyetembea bila kuanguka. Kama angekaa chini hapo, ningemwita mtu wa maana.

Hakukaa. Alifungua begi lake, akatoa shughuli.

Shughuli ya kwanza ilikuwa sanduku. Kila mtoto aandike kitu asichoweza, aongeze neno "bado", kisha atumbukize. Siwezi kuogelea bado. Siwezi kuimba bado. Mtoto wa jirani yangu Mama Cherehani, mtoto mpole mpaka wenzake wanamwita Pamba, aliandika, "Siwezi kumpiga mdogo wangu." Akarudishiwa karatasi aongeze bado. Akaongeza. Darasa likampigia makofi.

Mama Cherehani alipoambiwa, aliacha kushona. "Kwa hiyo nisubiri," alisema. "Akili ikishakua nitaletewa mdogo wake amevunjika mkono."

Shughuli ya pili ilikuwa ukuta wa makosa mazuri. Ile chati kubwa ya kuzidisha, ambayo watoto waliikodolea macho miaka yote mpaka ikawaingia, iliondolewa, ukuta ukajazwa karatasi za rangi zenye makosa. Saba mara nane hamsini na nne, na nyota pembeni.

Ya tatu ilikuwa mti wa karatasi. Kila mtoto ana jani lake. Ukikosea na kusema vizuri umejifunza nini, jani lako linapanda. Ukipata, jani linabaki, kwa sababu hujathubutu. Kulikuwa na mtoto mmoja darasani wanamwita Profesa, hakosi kitu. Jani lake lilikaa kwenye mizizi hadi akalia. Alipomaliza kulia akatumia akili yake, akaanza kukosea, na kwa kuwa ni hodari wa kila kitu, akawa hodari wa hilo pia. Alipanda mpaka kileleni. Wenzake wakamfuata. Ukipita nje ya darasa ungesikia wanagombana: "Hilo kosa ni langu, nimelisema mimi kwanza."

Na kalamu nyekundu ikapigwa marufuku. Ilisemekana rangi hiyo inajeruhi moyo.

Kwenye kikao kile Mwalimu wa Hesabu alinyoosha mkono kama mwanafunzi. "Na mtoto akipata jibu, tunamwambia nini?"

"Mwalimu wangu," mwezeshaji alisema kwa upole, "sisi tunapongeza safari. Hatupongezi kufika."

"Sasa anasafiri kwenda wapi?"

Wazazi tulicheka. Mwalimu Mkuu, mama mnene mwenye miwani, ambaye tangu asubuhi alikuwa anaandika kila neno kama anayeandikiwa dawa, hakucheka. Alimtazama Mwalimu wa Hesabu kwa jicho la "tutaonana".

Sasa mfano. Wageni kutoka ofisi ya elimu walikuwa wanakuja kuona mpango unavyofanya kazi, na alihitajika mtoto ambaye alikuwa hawezi na sasa anaweza. Wakamtafuta, wakampata Kifungo. Kwamba aliwezeshwa na kopo la vizibo kabla mpango haujaja, hilo halikuulizwa. Tatizo likawa moja: Kifungo alikuwa anapata. Mtoto anayepata mara moja haonyeshi safari. Basi wakamfundisha kukosea. Hesabu yao ilikuwa tisini na mbili gawanya kwa nne. Aandike kwanza mia mbili na tatu, darasa liseme "Bado!" Afute. Aandike kumi na tatu, darasa liseme "Bado, umekaribia!" Afute. Aandike ishirini na tatu, darasa lisimame lipige makofi. Mjukuu wangu alikariri makosa yake kama watoto wengine wanavyokariri shairi. Nilimsikia akiosha vyombo: mia mbili na tatu, kumi na tatu, ishirini na tatu.

Nililichukulia kuwa mchezo wa kuigiza. Mpaka alfajiri ile.

"Jana niligawa tisini na mbili," aliniambia kutoka jikoni. "Nikapata ishirini na tatu. Nikaona kama nimekosea, Bibi. Nikarudia. Bado naona kama nimekosea."

Hilo ndilo lililonitoa kitandani. Nilikwenda nikakaa naye sakafuni, magoti yangu yakilalamika. Mtoto kutojua, hilo si neno, atafundishwa. Lakini huyu alikuwa anajua, na kujua kwenyewe kulikuwa kunamtoroka mikononi.

"Fanya walivyokufundisha," nilimwambia. "Ni leo tu. Halafu urudi nyumbani na unachokijua."

"Na kama nikikisahau hukohuko?"

Nilimfunga nywele.

Tulikwenda na Mama Cherehani, yeye amevaa viatu vya kisigino vilivyomtesa njia nzima.

"Wamenishonesha kitambaa cha meza ya mgeni rasmi," alisema. "Nimekosea upindo makusudi. Nangoja nyota yangu."

"Umekosea kweli?"

"Ah, Bibi. Mkono umekataa."

Ukumbi ulikuwa madarasa mawili yaliyofunguliwa ukuta wa mbao wa katikati. Watoto wamebanana mbele, wazazi nyuma, wageni kando kwenye viti vyenye mito. Msichana mmoja wa darasa la juu aliniona nimesimama, akainuka kunipa kiti chake bila kuambiwa na mtu, akaenda kusimama dirishani kwenye jua. Mwezeshaji naye, nimpe haki yake, alinimiminia maji mimi kabla ya wageni wake, kwa sababu aliniona napepea uso. Si mtu mbaya. Ningependa tu asingepewa watoto wetu.

Mwalimu wa Hesabu alisimama mlangoni kabisa, nusu ndani, nusu nje. Sikio lake lilikuwa tupu.

Yakaimbwa, yakasemwa. Mwalimu Mkuu aliwaonyesha wageni mti. Profesa alieleza kosa lake bora la muhula, akapigiwa makofi, akainama kama mwanasiasa. Kisha Kifungo akaitwa ubaoni. Alionekana mdogo kuliko alivyo nyumbani.

"Huyu binti," mwezeshaji alisema, "alikuwa ameshajikatia tamaa. Leo mtaiona safari yake kwa macho yenu."

Akachukua chaki aandike ile hesabu. Hapo ndipo mgeni rasmi, mzee mchangamfu mwenye tumbo la kustaafu, alipoamua kuwa mchangamfu zaidi.

"Ngoja, ngoja," alisema. "Hesabu nitatoa mimi, tusije tukaambiwa imepikwa. Mwandikie themanini na nne gawanya kwa tatu."

Wageni wakacheka. Mwalimu Mkuu akacheka kwa kuchelewa. Mwezeshaji aliandika, maana angefanya nini.

Kifungo aliitazama hesabu ile. Makosa yake yote yalikuwa ya tisini na mbili. Kwa themanini na nne hakuwa amefundishwa kosa hata moja. Basi akafanya alichofundishwa na Mwalimu wa Hesabu: akagawa. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinagonga paja lake, tak, tak, navijua. Akaandika ishirini na nane, akasimama kwa mguu mmoja, wa pili akaukunja nyuma ya goti. Mimi hesabu zangu ni za sokoni, sikuwa nimegawa chochote kichwani. Lakini mguu ule hukunjwa akiwa amepata.

"Bado!" darasa zima likapiga kelele, kama walivyozoezwa.

Mguu ukashuka.

Mwezeshaji alikuwa amewageukia wageni, mgongo ubaoni. "Mmesikia wenzake?" aliwaambia. "Hawamcheki. Kosa ni rafiki yetu. Futa, mama, jaribu tena."

Kifungo alinitafuta kwa macho kule nyuma. Nilitikisa kichwa kumwambia asifute. Nilisema hata kwa sauti, "Acha hapo hapo, mjukuu wangu," lakini mama mmoja mbele yangu alishaanza kupiga makofi. Sijui mtoto aliona nini. Alichukua dasta, akaifuta ishirini na nane yake, taratibu, kama anavyorudisha vizibo kwenye kopo.

Akaandika ishirini na saba.

"Bado, umekaribia!"

Akafuta. Akafikiri kwa muda mrefu. Mkono wa kushoto haukugonga paja tena. Akaandika ishirini na sita.

Darasa likasimama. Wazazi wakasimama. Wageni, waliokaa siku nzima kwenye mito, wakasimama. Simu zikainuliwa kupiga picha. Mgeni rasmi, aliyeitoa hesabu yeye mwenyewe, alikuwa anapiga makofi juu ya kichwa chake. Mwalimu Mkuu alivua miwani akafuta machozi. Ukumbi mzima wa watu waliosoma na wasiosoma ulikuwa unashangilia ishirini na sita, na hakuna aliyekuwa ameigusa ile hesabu isipokuwa mtoto tuliyemfutisha jibu.

Kifungo hakutabasamu. Alikuwa anautazama ubao kama mtu anayetazama nyumba yao imehamishwa.

"Imekwisha vizuri," alisema Mama Cherehani sikioni mwangu. "Imekwisha vizuri, sivyo, Bibi?"

"Keti," nikamwambia.

Mwalimu wa Hesabu alitoka mlangoni. Alipita katikati ya wazazi akiomba radhi kwa kila mguu aliouvuka, akafika mbele. Makofi yalikuwa yanaendelea. Hakuwatazama wageni. Aliinama mpaka usawa wa mtoto.

"La kwanza ulipata ngapi?"

"Ishirini na nane."

"Kwa nini umefuta?"

"Wamesema bado."

"Rudisha."

Akarudisha.

"Sasa hakikisha."

Makofi yalishapungua, watu wanatazamana. Kifungo akaandika pembeni, ishirini na nane mara tatu. Nane mara tatu, ishirini na nne, andika nne, shika mbili. Mbili mara tatu sita, na mbili, nane. Themanini na nne. Aliitazama, akaitazama ile ya juu, na nikauona mguu unaanza kupanda.

Mwalimu aliingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha chaki nyekundu. Sijui alikuwa amekibeba tangu lini. Akapiga vema moja kubwa, akampa mtoto kile kipande, akarudi mlangoni kwake akiomba radhi tena kwa miguu ileile.

Mgeni rasmi alishusha mikono.

"Kwa hiyo lile la kwanza lilikuwa sahihi?"

"Ndiyo, mzee," alisema Kifungo.

"Sasa sisi tumepigia nini makofi?"

Mtoto mmoja huko mbele, nadhani ni Pamba, alisema kwa sauti ndogo, "Safari," na wazazi wa nyuma wakajiziba midomo kwa khanga na leso. Mama Cherehani aliinama akajifanya anafunga kiatu kisicho na kamba.

Mwezeshaji akafungua mikono. "Ndugu wageni," alisema, "tumeshuhudia jambo kubwa. Sisi watu wazima nasi tumethubutu kukosea." Na wageni, ambao walitaka sana kwenda kula, wakampigia makofi.

Nasikia kwenye taarifa iliyopelekwa ofisini iliandikwa kwamba siku ilifana, na kwamba mtoto mmoja alikua mara tatu mbele ya hadhara. Nasikia pia mpango utapelekwa shule nyingine. Nawaombea watoto wa huko.

Mwalimu wa Hesabu hakufukuzwa. Walimwondoa darasani kwa maneno matamu: amechoka, apumzishwe, asimamie stoo ya vitabu mpaka apate semina. Bado hajapata semina. Darasa analishika mwalimu mwingine, binti mwema, ambaye jioni huenda stoo kwa siri kumuuliza aanzie wapi.

Kifungo hakugawa vizibo siku kadhaa. Alfajiri zilikuwa kimya, na nilikuwa naamka kwa sababu ya kimya chenyewe. Nikimuuliza anasema amechoka. Jioni moja nilichukua kopo, nikalitia kwenye mfuko pamoja na chupa ya chai, nikaenda kumngoja kwenye lango la shule. Hakuuliza tunakwenda wapi. Alijua mlango wa stoo ulipo kuliko mimi.

Stoo ni chumba kirefu chenye dirisha moja. Mwalimu alikuwa amekaa juu ya boksi, anabandika migongo ya vitabu vilivyochanika kwa gundi na vipande vya gunia. Ukutani nyuma yake alikuwa ametundika ile chati ya kuzidisha waliyoiondoa darasani. Alipotuona alisimama, akanipa boksi lake nikae, akabaki amesimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mtu asiyegawa."

Alimtazama Kifungo. Hakumuuliza anajisikiaje, hakumpa pole. Alisogeza vitabu, sakafu ikaonekana. "Mwaga," alisema.

Kifungo akamwaga vizibo.

"Hamsini na moja kwa tatu."

Nilimimina chai na kutazama dirishani, maana kuna watu hawawezi kufikiri wakitazamwa. Nilisikia tak, tak, kwa kusitasita, halafu kwa kasi yake ya zamani. Aliandika kwenye kipande cha boksi, akakitoa.

"Kumi na nane," alisema.

"Umekosea hapa," alisema Mwalimu, akaweka kidole.

Kifungo aliangalia penye kidole. Na hapo ndipo nilipomwona anacheka, mara ya kwanza tangu siku ya wageni, kucheka kwa mtu aliyerudishiwa kitu chake. "Nimehesabu kimoja mara mbili," alisema, akasahihisha mwenyewe. Kumi na saba. Akahakikisha kabla hajaambiwa. Mguu ukapanda nyuma ya goti.

Mwalimu alipapasa juu ya rafu, nyuma ya kamusi, akatoa kalamu nyekundu. Akatazama mlangoni kwanza, kama mwizi. Kisha akapiga vema.

Tulimaliza chai. Alimpa Kifungo hesabu nyingine za kwenda nazo, akatufungulia mlango, akanishika kiwiko kwenye kidaraja kibovu cha mfereji wa nje mpaka nilipovuka. Tulikuwa tumeshaanza kuondoka alipoita. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa gundi, hajui aiweke wapi.

"Mama," alisema. "Mje tena. Vitabu havikosei, nimechoka navyo. Mje hata kesho."